Watu Wawili wa Nyumba ya Kumi na Saba

Mtaa wa Magunia, Nyumba Na. 17
Nakuru
9 Februari 2025

Mwanangu Adongo,

Pokea salamu za shangazi yako uliyemsahau. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, na hayo yaliniaga kabisa mwezi wa Desemba. Daktari alifungua mdomo akafunga, akafungua akafunga, nikamwambia, "Andika." Akaandika: "Mama, hata hili la kulia limekwenda." Kwa hivyo ukinipigia simu utakuwa unaongea na kabati.

Ndiyo nimerudi kwa barua. Miaka thelathini na mmoja nilipanga barua za watu pale posta, sasa naandika zangu. Usiniambie habari ya meseji. Vibonye vya simu yangu vilishafutika, na juzi nilitaka kumwandikia mchungaji "amina", kukatoka "mia". Akajibu kwamba bado haijaingia.

Pacha wako Apiyo amejifungua kule Kisumu, kijana mwenye kichwa cha marehemu baba yenu. Mama Chepkirui wa nyumba ya tatu anakusalimu. Jirani wangu wa ukuta, Mzee Sitati wa Jeshi la Wokovu, bado analo lile tarumbeta nene kama shingo ya fahali. Miaka mingapi nilimpigia kelele anyamaze? Sasa silisikii, lakini akipuliza vikombe vyangu vinacheza rafuni, na nikiweka kiganja ukutani najua ni wimbo gani. Jumanne hakupuliza. Nikampelekea uji. Ilikuwa homa tu.

Sasa nikuambie jambo lenyewe. Magunia inabomolewa! Hizi nyumba ambazo kiwanda cha magunia kilimjengea babu yako na wafumaji wenzake, chumba kimoja na dirisha la ukubwa wa kalenda, zinakwenda zote. Pale uwanja wa mpira yamesimama maghorofa matano ya rangi ya machungwa, na kila mwenye nyumba hapa atapigiwa kura apewe fleti. Mwenye kuitwa mara tatu na asiitike anangojea awamu nyingine, ambayo hata karani hajui tarehe yake. Kamati yetu ya mtaa imeapa hakuna kutoa hata kijiko nje kabla ya kushika ufunguo. Mwenyekiti ni mimi. Walinichagua kwa sababu siwezi kuwasikia wanaopinga.

Karani wa mradi, msichana anaitwa Immaculate, alitupa fomu. Anayeishi peke yake anapata bedsita, chumba kimoja cha kila kitu. Wawili na kuendelea wanapata vyumba viwili vya kulala, na roshani. Mimi nimejaza yangu vizuri kabisa: watu wawili.

Utakuja lini? Ukija usibishe hodi, sitasikia. Ingia tu.

Ni mimi,
Achola

*

Kamere, Naivasha
1 Machi 2025

Kwa Waya Achola,

Nakusalimu, nakukumbatia, na pole kwa masikio. Sikukusahau. Ni vile msimu wa waridi za Februari umetumaliza. Nilipanga maua mpaka nikaota nimekuwa shada. Hapa Kamere tu wazima. Kiboko alitoka ziwani wiki jana akapita kwenye ua wa ploti yetu, akala sukuma wiki yote ya mama mwenye nyumba, akaacha kitunguu kimoja. Mama anasema ni dharau.

Waya, hiyo fomu. Mimi nimesoma hapo "watu wawili" nikaketi chini. Wawili ni nani na nani? Mimi nilitoka Magunia miaka sita iliyopita na wewe unajua. Karani akija kukagua na kuuliza Adongo yuko wapi, utasema nimeenda msalani? Nimeokoka, sitaki kuidanganya serikali, na sitaki upokonywe nyumba kwa sababu ya jina langu. Tafadhali irudishe fomu, sema ulikosea hesabu. Bedsita si mbaya. Ina choo ndani!

Kuhusu kuja, kazi ni nyingi.

Barua hii inaletwa na Weldon, dereva wa lori linaloleta kreti za mbao kutoka Elburgon hadi hapa shamba la maua. Anapita Nakuru kila wiki mbili. Nilipomwambia "peleka kwa Waya" aliniuliza ni waya ya stima ama ya seng'enge, ikabidi nimweleze kwamba ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita dada ya baba. Ni mtu wa kawaida tu. Usimpikie.

Mtoto wako,
Adongo

*

Magunia, Na. 17
16 Machi 2025

Mwanangu,

Tunaendelea vyema. Mvua imeanza na bati limekumbuka matundu yake yote. Nina sufuria tatu sakafuni na beseni moja kitandani, lakini nazitazama kwa furaha kama mtu anayetazama meli ya adui ikizama.

Jina lako halimo kwenye fomu. Sikukutaja. Tuliache hilo.

Immaculate alikuja kukagua. Alikuta vikombe viwili mezani akaviangalia, akaniangalia, akaandika kitu. Sikumwuliza. Ni msichana mwenye adabu, na ananiandikia kila neno kwenye kile kijitabu ninachotembea nacho, kwa mwandiko wa kunyooka. Nilimwuliza kuhusu kuta za maghorofa. Akaandika: "Zege, mama. Hata ngoma haipiti." Alidhani ananifurahisha.

Nimenunua gauni. Rangi ya zambarau. Na viatu vyenye kisigino kidogo, si kirefu, cha heshima tu.

Nilimpikia Weldon. Ugali na omena, na akaongezwa. Nilimwuliza hali yako akajaza kurasa mbili. Mtu wa kawaida tu atajuaje kwamba Adongo hunywa chai na tangawizi, huimba akiwa na hasira, na ana kidonda cha mwiba kwenye kidole cha kati? Madaktari wangu wote hawajawahi kuniangalia kwa makini namna hiyo. Mimi nilikufundisha nini kuhusu madereva? Kwamba kila dereva ana mke kwa kila kituo cha mafuta. Huyu nilimwuliza. Aliandika kwamba kwenye vituo vya mafuta yeye huweka mafuta.

Utakuja lini? Hukujibu. "Kazi ni nyingi" si tarehe.

Achola

*

Kamere
26 Aprili 2025

Kwa Waya mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kukawia. Lori la Weldon lilikwama Elburgon wiki tatu, matope yalifika mlangoni. Mimi sijambo. Kidole kimepona. Nimepandishwa cheo, sasa nasimamia meza nzima ya wapangaji wa maua, na nina filimbi. Naipuliza hata pasipo sababu.

Waya, silali vizuri. Gauni la zambarau? Visigino? Vikombe viwili? Hapa kazini kuna mama alituhadithia kuhusu shangazi yake wa mji mwingine, aliyejiwa na kijana mtanashati mara tu orodha ya nyumba mpya ilipobandikwa. Alianza kwa kumbebea mtungi wa maji, akimwita mathe hapa, mathe pale. Leo kijana ana fleti na shangazi ana mtungi. Kama kuna yeyote anayekubebea mtungi, mfukuze! Nitakuja mimi kubeba!

Namwuliza Weldon aniambie ameona nani hapo kwako. Anacheka tu, anasema si neno lake kulisema. Nikamnunia siku mbili. Akaja na chai.

Niambie ukweli. Mimi umenilea tangu mama afariki, huna haja ya kunificha kitu.

Kuhusu Weldon, barabara sasa imekauka vizuri.

Adongo

*

Magunia, Na. 17
8 Juni 2025

Adongo, Adongo, Adongo!

Tuko salama na salamu utazipata chini, leo siwezi kuzitanguliza. Keti. Weka hiyo filimbi mbali usije ukaimeza.

Kura ilipigwa Jumamosi ya tarehe thelathini na moja. Walisimamisha hema kubwa, na Magunia yote ilikuja, hata watu waliohama zamani walikuja kutazama. Nilivaa zambarau. Kama mwenyekiti nilikaa mbele kabisa ili nimsome Immaculate midomo. Kumbe amepewa kipaza sauti, na kipaza sauti chenyewe kimemfunika kuanzia pua mpaka kidevuni! Nikawa naona macho tu. Nikajiambia zamu yangu itafika, mtu atanigusa. Nikamgeukia Mama Chepkirui tukaanza kuongea habari za pazia, yeye akiandika na mimi nikijibu kwa mdomo.

Haya yanayofuata sikuyasikia. Nimeandikiwa na watu saba tofauti, na yanalingana.

Immaculate aliita, "Achola Odongo, nyumba ya kumi na saba!" Mimi nilikuwa nasema pazia la kijani linaficha vumbi. Akaita mara ya pili. Mama Chepkirui ameinamia kijitabu, anaandika kwamba hapana, la maua ni bora. Napoteza nyumba kwa ajili ya pazia la nyumba hiyo hiyo! Akaita mara ya tatu, akainua kalamu kunikata.

Hapo nyuma, palipokaa bendi, akasimama Mzee Sitati na tarumbeta shingoni. "Yupo!"

Immaculate akauliza, "Mzee, wewe ni nani wake? Anayeitikia ni mwenye fomu au aliyeandikwa kwenye fomu."

Wanasema alitoa jasho likaonekana kutoka barabarani. Unamjua Sitati, fundi wa cherehani, mgane wa miaka tisa, mtu wa kuongea maneno kumi kwa wiki na sita kati ya hayo ni "bwana asifiwe". Akasema, "Karani, soma fomu yangu, ya kumi na nane. Kwenye mtu wa pili nimemwandika yeye. Nilitaka kumwuliza kwanza. Lakini kwa mdomo hasikii, na kwa kalamu nikaogopa."

Immaculate akapekua makaratasi yake, akaitoa ya kumi na nane, akairudia ya kumi na saba, akaziweka pamoja. Halafu akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mzee Sitati," akasema, "na yeye amekuandika wewe kwenye yake."

Ndiyo, mwanangu. Ndiye mtu wa pili. Nilimwandika Februari bila kumwambia. Niliona tutatupwa, yeye jengo la kwanza mimi la tano, katikati zege ambalo hata ngoma haipiti, na nani atajua siku asiyopuliza? Nikasema nitamwuliza baadaye. Baadaye ikawa inasogea kila siku kama mpaka wa shamba la mlevi. Alikuwa anakuja kunywa chai kila saa kumi, tunakaa, ananiandikia habari za cherehani za watu, nami namjibu habari za cherehani, na fomu mbili zimelala ofisini zikijua kila kitu.

Mimi niliona nini? Niliona watu wamegeuka wote kunitazama. Wanawake wamefungua midomo, ndimi zinapepea, ni vigelegele. Vijana wa bendi wanapiga vitu vyao. Nikadhani nimefutwa na wananicheka. Nikasimama nikasema kama mwenyekiti sikubali! Mama Chepkirui akanikalisha. Ndipo Immaculate akashuka jukwaani, akachukua kijitabu changu na kuandika yote, kuanzia "yupo" hadi mwisho, akipangusa macho kwa mkono wa sweta. Mtaa mzima ulisikia nikiposwa. Mimi peke yangu nikasoma.

Nilisoma mara mbili. Nilipoinua macho alikuwa bado amesimama, anashikilia tarumbeta kama mtu aliyeshika mtoto wa wenyewe. Nikamjibu kwa sauti niliyodhani ni ya chini. Wanasema ilifika sokoni.

"UMECHELEWA!"

Immaculate ni mwema lakini ana sheria. Fomu mbili haziwezi kuchukua nyumba mbili kwa watu hao hao. Ametupa siku sitini tulete cheti cha ndoa, la sivyo kila mtu bedsita yake, majengo tofauti. Sitati amesema, ameandika, kwamba siku sitini ni nyingi mno.

Tarehe tano Julai, kanisani kwake. Nina miaka sitini na saba na nina mikutano ya harusi! Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Nilikulea nikikuambia mambo ya wanaume ni ya watu wasio na kazi.

Salamu zako: wote wazima, wanakusalimu. Sasa usiponijibu tarehe, nitakuja na tarumbeta.

Achola, bibi harusi

*

Kamere
15 Juni 2025

Waya! Waya wangu!

Nimeisoma nikiwa kwenye meza ya waridi. Nilipofika "na yeye amekuandika wewe" nilipuliza filimbi, wapangaji arobaini wakaacha kazi, msimamizi mkuu akaja mbio akidhani ni moto. Nikamsomea. Akaketi juu ya kreti akasema nisome tena.

Nakuja tarehe nne Julai. Nakuja na maua mpaka mseme basi.

Na kwa kuwa umesema yako, niseme yangu. Kazi si nyingi hivyo. Miaka miwili nimeogopa kuja kwa sababu ukinitazama usoni huwa unajua. Ni Weldon. Alianza kwa kuniletea njegere za kwao, kisha akawa ananiletea habari zako, na mimi nikawa nakuandikia barua ndefu kuliko zilivyohitajika ili abaki akingoja nimalize.

Yeye ni Mkipsigis, Waya. Ule mwaka watu wa kwao walipotufukuza baada ya uchaguzi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakumbuka mkono wako ulivyonishika tukikimbia kuvuka reli, na hukuniachilia mpaka kucha zako zikaniandika. Hujawahi kuuongelea, na mimi sijawahi kukuuliza. Sijui ni nini ulikiweka ndani. Niliogopa kukiamsha kwa kumleta mtu wangu mlangoni kwako.

Sasa umejua. Usinijibu kwa haraka.

Adongo

*

Mtaa Mpya wa Magunia
Jengo la Pili, Ghorofa ya Tatu, Na. 34
31 Agosti 2025

Mwanangu Adongo,

Sisi, nasema sisi, ni wazima. Miguu inauma kwa ngazi lakini moyo unazipanda mbili mbili. Sitati anakusalimu. Anasimama roshani asubuhi akitazama ziwa. Miaka yote hiyo tumekaa Nakuru na lile ziwa liko pale, na hakuna dirisha la Magunia lililowahi kulielekea! Wikendi iliyopita alihesabu ndege wa pinki mpaka chai ikapoa.

Maua yako ya harusi yaliisha wiki tatu baadaye. Immaculate mwenyewe alikipokea cheti, akakibusu kabla ya kukipiga muhuri, sidhani sheria inaruhusu.

Jumatatu tingatinga lilikuja. Watu waliniambia nisiende, nitalia. Nilikwenda. Ukuta wa kati ya kumi na saba na kumi na nane ulianguka kwa pigo moja, tukaona ulikuwa mwembamba kama kitabu cha nyimbo. Mama Chepkirui alianza kuimba, wazee wakaingia, na dereva wa tingatinga akazima mashine akashuka kucheza. Vumbi lilitupaka wote rangi moja. Nililia kidogo, lakini nililia nikicheza, na hiyo haihesabiki.

Sasa lile jambo lako. Siku ya harusi niliona unanitazama ukingoja jibu, na mmekaa na Weldon viti vya mbali kama watu wa kesi. Nilinyamaza makusudi. Kuna majibu hayafai kusemwa kati ya pilau na keki.

Ulisema hujui ni nini niliweka ndani. Niliweka hofu, ndiyo, na nilifuta moyoni jina la mtu mmoja au wawili. Lakini wewe homa ilikushika usiku ule ule, hukujua tulikofikia. Baada ya reli tulifika kwa Mama Chepkirui, Mkipsigis kama Weldon wako. Alitulaza chini ya kitanda chake siku tatu, akaketi mlangoni na jembe, na watu wa kwao walipokuja kuuliza aliwatukana kwa lugha yao mpaka wakaomba radhi. Alitunywesha mursik, yale maziwa yao ya kibuyu. Baadaye alihamia Magunia nyumba ya tatu, na mimi ndiye niliyemtafutia. Sikuyasema kwa sababu yeye alinikataza. Alisema akisifiwa kwa hilo ataona kama alifanya kitu cha ajabu. Nimemwomba ruhusa ndipo nimeandika.

Kwa hivyo si mimi uliyekuwa unaniogopa. Ulikuwa unaogopa mwaka ule.

Alhamisi Weldon alikuja. Hakuwa na barua yako. Alivaa tai, na viatu alivipangusa mlangoni mpaka nikahofia zulia. Alikataa chai. Alikaa kwenye ncha ya kiti, Sitati akajifanya anatengeneza bomba jikoni, bomba ambalo halina shida. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniwekea mapajani kwa mikono miwili.

Yaliyokuwemo sitakuandikia. Mwulize mwenyewe, umfanye aseme kwa mdomo, wewe una masikio. Nitasema tu kwamba ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, ilimtaja baba yake na mama yake na tarehe watakayofika, na hakuna mahali alipojisifu. Nilitafuta.

Nilipomaliza alikuwa amefumba macho. Nikachukua kalamu. Alikuwa ameandika "eshima", mara tatu, bila herufi ya kwanza. Nikaiongeza mara zote tatu, kisha nikatia sahihi chini ya jina lake.

Achola Sitati